Kochi la Balozi na Bomba la Nyasubi

Benchi ni langu, na hilo mlishike, maana kila anayelikalia hujifanya kalirithi kwa babu yake. Nililigonga mwenyewe kwa mbao za makasha ya ginneri ya pamba, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha baiskeli hapa Nyasubi, Kahama, ili mteja apate pa kukaa wakati naziba pancha. Mteja yuko wapi? Wamejaa wasio na baiskeli! Yupo Maulidi, tunamwita Redio kwa sababu redio hana lakini habari zote anazo, husikiliza madirishani kwa watu. Yupo Januari, jina lake la kijiweni ni Duara, kama wanavyoliita shimo la dhahabu, maana kila akitoka machimbo ya Geita anakuja na vumbi masikioni na utajiri wa mwakani. Yupo Mzee Masele, mfugaji, mwenye ng'ombe wengi na viatu hana. Na yupo Bashiri, muuza kahawa, na dele lake juu ya jiko la mkaa, ambaye tangu sukari ipotee madukani na kashata ibaki ndoto tu, anatugawia karanga. Ilikuwa Oktoba ya mwaka themanini na moja, mvua imegoma, na Uhuru umebakiza kidogo tu utimize miaka ishirini.

Asubuhi hiyo, vikombe vya kwanza bado vina moto, akatokea Akida, balozi wetu wa nyumba kumi, kofia imekaa upande na jasho linamchuruzika.

— Jamani, nisaidieni. Wageni wa mkoani wanafika leo alasiri. Wanakuja kupima maendeleo.

— Kwa mizani au kwa pishi? nikamuuliza.

— Fundi, acha mzaha. Kila balozi aonyeshe nyumba moja. Wageni waingie, watazame miaka ishirini imetuletea nini. Halafu mtaa mmoja wa Nyasubi upewe bomba la maji.

Bashiri akaacha kumimina.

— Mtaa upi? Ulioendelea sana au uliobaki nyuma sana?

Akida akainyoosha kofia.

— Hawakusema, alijibu.

— Na wewe hukuuliza?

— Kila mtu alikuwa anapiga makofi. Ningeulizaje?

Redio akacheka mpaka kahawa ikampalia. Akida hakucheka. Alijibanza pembeni ya benchi langu, akashusha sauti.

— Mama Mwanne kafunga kanga zake. Anasema tangu nimuoe namwambia bomba linakuja, na sasa mgongo umekwisha kwa ndoo. Bomba lisipopatikana leo, kesho asubuhi anapanda basi, anarudi kwao Tabora.

Hapo hata Redio aliweka kikombe chini. Mwahija, yaani Mama Mwanne, tunamjua. Si mwanamke wa kelele. Akisema jambo mara moja, wewe anza kuzoea.

— Sasa nyumba umeipanga vipi? nikauliza.

— Njooni muone.

Ng'ambo ya njia tu, tukavuka. Lo! Kumbe tangu jana yake Akida alikuwa amezungukia nyumba zake zote akiazima, kama tufanyavyo mtaa ukiwa na harusi. Kochi la mwenye duka, lile lililoshindiliwa pamba mpaka linakurudisha juu ukikaa. Saa ya ukutani ya mwalimu. Pazia la maua. Sahani za kioo. Karabai langu, ambalo mke wangu alikuwa amelitoa bila kuniuliza! Nyumba nyingine zote zilikuwa tupu, na ya Akida ilikuwa haina pa kuweka mguu.

— Mashallah, akasema Redio. Chanda chema huvikwa pete.

— Umekosea, nikamwambia. Hapa umekosea vibaya sana. Kama bomba ni la kuwasaidia wanyonge, nani atakupa bomba na kochi kama hili? Watasema, mtaa huu unajitosheleza, twendeni kwa wengine.

Akida akashika kichwa.

— Basi tulitoe!

Tukalitoa. Mimi na Duara mbele, Redio na Bashiri nyuma, Mzee Masele akituelekeza kwa fimbo yake kama tunaswaga ng'ombe. Tukaliweka uani nyuma ya choo, tukarudi benchini tukihema. Kahawa ikazunguka.

— Lakini kwanza tuelewane, nikasema. Maendeleo ni nini? Mimi ninavyoona, yapimwe kwa pancha. Mwaka wa Uhuru baiskeli zilizopita hapa zilikuwa za kuhesabika, mwarabu, mwalimu, karani. Leo kila mkulima wa pamba ana yake. Hayo ni maendeleo. Lakini zamani nilikuwa naziba tundu la mwiba. Leo tyubu hazipatikani, naziba kiraka, juu yake kiraka, juu yake kiraka. Kwa hiyo tumekwenda mbele na tumerudi nyuma kwa baiskeli ileile.

— Yaani tumesimama? akauliza Bashiri.

— Sikusema tumesimama! Nimesema tunazunguka. Gurudumu linazunguka na safari inaendelea, hujui?

Mzee Masele akatikisa kichwa. Yeye Kiswahili chake kinatoka polepole, kinapita kwanza kwenye Kisukuma kujitazama.

— Yaya, hapana. Baiskeli haizai. Pima kwa mahari. Dada yangu aliolewa kwa ng'ombe wachache, hakujua hata herufi a. Binti yangu Nyamizi amesoma mpaka amemaliza shule, barua zangu anasoma yeye. Wakwe wamekuja, nikawaambia, huyu anasoma, leteni zizi zima. Kila msichana akisoma, mahari inapanda. Basi nchi inapanda.

— Na wavulana wakisoma?

— Hao wanaongeza tu madeni ya ng'ombe.

— Mzee, nikasema, kwa hesabu yako, nchi yenye binti wengi wasomi ndiyo tajiri duniani!

— Sasa umenielewa. Wabeja, asante.

Redio alikuwa anajipindapinda, ana lake linamwasha.

— Nyie hamsikilizi taarifa ya habari. Maendeleo yanapimwa kwa hotuba. Mwaka ule wa sitini na moja mtu alisimama, akasema maneno, akashuka, tukacheza ngoma. Leo mgeni rasmi anaanza jua likiwa kule, anamaliza jua liko huku, na bado kuna neno la shukrani. Nchi isiyo na la kusema ingesema muda wote huo? Debe tupu haliachi kuvuma!

— Methali hiyo inakusuta wewe mwenyewe, Redio.

— Ndiyo maana yake! Na tena kwa hotuba hizo, bomba ni zawadi. Wanaofanya vizuri ndio wanaopongezwa. Nimesikia kwa masikio yangu, kijiji kimoja huko kimelima sana, kimepewa trekta. Hakikupewa kijiji cha wavivu.

Akida akaruka kama kaumwa na siafu.

— Basi kochi lirudi ndani! Haraka!

Tukalirudisha. Mlangoni likakwama, likakwangua rangi. Akida akafuta kwa mate na kiganja, akitazama ng'ambo kama mwenye duka anaona. Ndani ya nyumba sikumuona Mwahija. Niliona mzigo tu umefungwa kwa kanga, umewekwa karibu na mlango, nikageuza macho kwa haraka. Tukarudi tena benchini.

— Bashiri, wewe unaonaje? akauliza Akida. Sauti yake ilianza kuchoka.

— Mimi sitaki maendeleo.

— Astaghfirullah!

— Sikilizeni kwanza. Nimekaa Tabora, nimekaa Mwanza. Mahali palipoendelea watu hawakai kijiweni. Wanakwenda kazini, wanarudi, wanafunga mlango. Kahawa yangu nitamuuzia nani? Nyinyi mmekaa hapa tangu Uhuru, na mimi nimesomesha watoto kwa makalio yenu. Kwa hiyo nikitaka kujua nchi imefika wapi, naangalia benchi la Fundi. Likijaa, bado. Likibaki tupu, basi tumefika, na mimi nimefilisika.

Tulicheka sana hapo, hata Akida. Kisha tukatazamana, maana wote tulikuwa tumekaa.

Duara alikuwa hajasema. Alikuwa anachimba udongo kwa kisigino, ndio ugonjwa wao wachimbaji.

— Wote mnatafuta juu, akasema. Kochi, pazia, sijui hotuba. Maendeleo yako chini, wazee wangu. Mkoloni pale Geita hakuhangaika na mapazia, alikwenda chini, chini, chini, mpaka kwenye mwamba wenyewe. Mimi nikitaka kujua duara limefika wapi sitazami nguo za mchimbaji, nateremsha kamba. Nchi ipimwe kwa kamba! Tuchimbe hapa kila mtaa, anayekwenda chini zaidi ndiye ameendelea.

— Na ukikuta nini huko chini?

— Huo ndio utamu wake, hujui! Tena mara nyingi unakuta maji. Yanajaa, yanaharibu kazi. Tunakesha tunayatoa kwa madebe, tunayamwaga.

— Mnayamwaga? akauliza Akida.

— Sasa tuyafanyie nini, Balozi? Sisi tunatafuta dhahabu.

— Kwa hiyo kochi?

— Kochi litoke, lichimbwe shimo sebuleni. Wageni wakiinama watazame ndani, watajua hapa kuna watu wenye malengo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Nawaambia, Akida alifika mahali akakubali. Mtu akitishwa na basi la Tabora hukubali lolote. Tukalibeba kochi mara ya tatu. Tulipofika katikati ya njia, Redio akaanza upya mambo yake ya trekta, mimi nikamjibu, Duara akasema tushushe kidogo apumue. Tukalishusha hapohapo, katikati ya barabara, likielekea kibanda changu. Bashiri akasogeza jiko. Na kwa kuwa kochi ni laini na benchi ni gumu, tukakaa juu yake, hoja zikaendelea.

Jua lilikuwa limepanda tulipomwona kijana anakuja kwa miguu kutoka upande wa sokoni, shati jeupe limeloa mgongoni, mkononi galoni tupu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Karibu kahawa.

— Asanteni, nina haraka. Naitwa Gregory, ni dereva. Gari la wageni limechemka huko nyuma, rejeta imekauka kabisa, na wao wamekaa ndani kwenye jua. Naomba kuuliza, hapa maji mnachota wapi?

Redio akamgeukia Akida.

— Maji, akasema Akida, kama mtu anayelijaribu neno geni. Maji... si kile kisima cha karibu na shule?

— Kile kilikauka, nikasema.

— Lini?

Nikafikiri. Nilikumbuka mke wangu akilalamika siku moja natengeneza baiskeli, lakini ilikuwa mwaka huu au mwaka jana, sikujua. Nilimwambia aninyamazie, natafuta gololi iliyoanguka.

— Kilikauka tu, nikajibu. Zamani kidogo.

— Basi sasa wanachota korongoni, akasema Redio.

— Korongo lipi? akauliza dereva.

— Lile la... Redio akanyoosha mkono, mkono ukazunguka wenyewe hewani. Redioni walisema, ikifika mwaka wa tisini na moja, kila mtu atakuwa na maji karibu na nyumbani.

— Mzee wangu, mimi nayataka sasa hivi.

Dereva akamgeukia Bashiri. Alitazama dele linalofuka mvuke.

— Wewe unapika kahawa. Maji umetoa wapi?

Bashiri akalitazama dele lake kana kwamba limemsaliti.

— Wallahi sijui. Nikiamka nakuta ndoo imejaa mlangoni. Kila siku naikuta imejaa.

— Mzee wewe mfugaji?

— Ng'ombe wangu wanakunywa lambo la Mhongolo, akasema Mzee Masele upesi, amefurahi kuwa na jibu. Njia yake najua hata nikifumba macho. Lakini yale ni matope, wanaingia mpaka tumboni. Maji ya watu... Akainamia fimbo yake. Yaya, mwanangu. Ya watu sijui.

Dereva alitutazama mmoja mmoja, hana dharau usoni, anashangaa tu. Wanaume wazima, wenyeji, juu ya kochi katikati ya barabara. Nami nilitamani ardhi ipasuke, afadhali hata kwenye duara la Januari.

Akida akasimama. Akavua kofia, akaifutia uso, akaivaa tena.

— Nipe galoni.

— Balozi, wageni wanakuja, nikamwambia. Wakikukosa?

— Wanakujaje, Fundi? Gari halina maji!

Akamchukulia Gregory galoni, akamwambia apumzike. Akaondoka kwa hatua ndefu za mtu anayejua aendako. Kanzu yake ilipiga huku na huku. Sisi tukamsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa mtaa, pale njia inapogawanyika, moja inakwenda nyuma ya ginneri na moja inakwenda mashambani. Hapo akasimama. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akakaa hivyo mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Kisha akatugeukia, akapaza sauti.

— Jamani! Ni kushoto au kulia?

Redio alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Bashiri. Bashiri akakoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

— Kulia, ikasema sauti nyuma yetu.

Mwahija alikuwa amesimama mlangoni kwake, ndoo tupu mkononi, ngata ya kanga kichwani. Safari yake ya pili ya siku hiyo. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alipita kando ya kochi bila kulitazama, akamfuata mumewe hadi njia panda, na sisi, wambea wakubwa, tukainuka tukasogea ili tusikie.

— Kulia, Baba Mwanne. Utapita mashamba ya mtama, utavuka korongo la kwanza, hilo usisimame, kavu. La pili utaona mashimo kwenye mchanga. Tunayahamisha kila wiki, kwa hiyo shimo nisilikuambie, tafuta wanawake wamekaa foleni. Mwisho wa foleni ndio mahali pako. Usimpite mtu kwa kuwa wewe balozi, watakutia mchanga kwenye ndoo.

— Ni mbali?

Mwahija akamtazama usoni, bila hasira. Hilo swali angemuuliza siku alipomuoa.

Kisha akavua ngata kichwani. Akamvua kofia yake kwa mkono wake, akaishika, akamwekea ngata mahali pake, akaikandamiza kidogo ikae. Akampa na ndoo.

— Galoni mkononi, ndoo kichwani. Ukirudi usitembee kwa haraka, yatamwagika.

Akida aliuma midomo. Niliona macho yake yameloa, na sitanii. Aligeuka kulia, akaenda, ndoo tupu ikimchezacheza kichwani, mkono mmoja juu kuishika. Hata watoto hawakumcheka. Nadhani walidhani ni jambo la sherehe.

Mwahija akarudi polepole, mkono kiunoni, kofia ya mumewe mkono wa pili. Alipofika kwenye kochi tukatawanyika kama kuku. Akalizunguka, akalibonyeza kwa kiganja, akakaa katikati yake peke yake, akaegemea. Likamrudisha juu kidogo. Akaguna, nikajua ni mgongo.

— Mama, akasema Gregory kwa adabu, wageni wangu watakapofika, nyumba ya kupimwa ni ipi?

— Waje tu. Nitawaambia mwenye nyumba kaenda kuchota maji.

— Na kochi turudishe ndani au tulitoe? akauliza Redio. Mungu amsamehe.

— Acheni lilipo.

Bashiri alikuwa ameinamisha dele. Liliguna, likatoa kikombe kimoja tu, na mwisho wake machicha. Kwa desturi yetu kikombe cha mwisho ni cha mwenye benchi, yaani mimi. Nilikitazama, nikamfanyia ishara. Akakipeleka kwenye kochi kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza atapika kingine kwa maji gani.

Mwahija akapuliza, akaonja. Nilikuwa na swali tangu asubuhi, na mimi si mtu wa kuficha.

— Mama Mwanne, nikasema. Na basi la Tabora kesho?

Aliipanga kofia ya Akida juu ya goti lake, akatazama njia panda, upande wa kulia, ambako vumbi lake lilikuwa bado halijatua.

— Arudi kwanza.